Gwaride la Milio

"Nilimsikia kwa masikio yangu haya," alisema fundi cherehani, akayavuta yote mawili ili Inspekta ayaone. "Asubuhi yote Bingwa alikuwa anacheza. Kidole alipoingia tu, kimya. Mnataka nisikie nini tena?"

Inspekta alikuwa amesimama katikati ya magauni yaliyoning'inia kama wageni wasio na vichwa. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ulikuwa ubao mwembamba uliojibu kama debe tupu. Upande wa pili wa ubao huo ndiko ulikokuwa ukumbi wa gemu wa marehemu Bingwa, na huko ndiko alikokutwa wiki iliyopita, amelala nyuma ya mashine yake kubwa, ncha za vidole vya mkono wa kulia zimeungua kwa umeme.

Aliyemkuta ni mdogo wake, kijana wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Kidole. Ndugu hao walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mashine hiyohiyo, ambayo baba yao aliwaachia bila kusema ni ya nani. Sajenti, aliyekuwa wa kwanza kufika, hakuhitaji zaidi ya hapo. Jirani alisikia mchezo ukiendelea mpaka Kidole alipofungua mlango kwa ufunguo wake. Basi Bingwa alikuwa hai. Basi aliyemuua ni huyo aliyeingia. Kidole alikuwa mahabusu, na alasiri ya leo angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua, kosa lisilo na dhamana.

"Hesabu ndogo hii, afande," alisema Sajenti kutoka mlangoni. "Hata mtoto wa chekechea anaipata."

"Ndiyo maana naiogopa," alijibu Inspekta. Akamgeukia mshonaji. "Alikuwa anacheza mchezo gani?"

"Nzige wa Chuma. Bingwa ana mchezo mwingine? Huyo hata kwenye ndoto alikuwa anatungua nzige."

Mchezo wenyewe Inspekta aliufahamu, nani asiyeufahamu? Nzige wa chuma wanashuka kutoka juu ya kioo, safu kwa safu, kwa kishindo cha hatua. Wewe uko chini na kizinga kimoja, mzinga mdogo wa kufyatulia. Uwapige kabla hawajatua, la sivyo wanakulipua.

"Niimbie ulichokisikia."

"Nikuimbie?"

"Niimbie."

Mshonaji alimtazama Sajenti kana kwamba anaomba ruhusa ya kuwa kichaa, kisha akaanza, akipiga mguu sakafuni. "Du, di. Du, di. Piu, piu. Du, di... puu! Halafu kinanda kidogo, ti-ri-ri. Halafu anaanza upya."

"Kila siku huwa hivyo?"

"Wapi! Siku za kawaida hatua zinakwenda zinaongezeka kasi. Nzige wakipungua, zinakimbia. Na mguu wangu mimi unazifuata hapa kwenye pedali, sijui hata kwa nini. Akikazana, nami nakazana. Pindo za watu zinaisha kabla ya saa sita. Siku ile pindo zililala. Alikuwa anacheza vibaya mno. Hata nilimtania, nikapiga ukuta, nikamwambia, 'Bingwa, leo umekunywa nini? Unalipuliwa kama mwanafunzi!' Hakujibu. Nikasema, kanuna huyo."

"Alikuwa analipuliwa wakati gani?"

"Palepale. Anapiga, anapiga, puu. Ti-ri-ri. Anapiga, anapiga, palepale, puu."

Inspekta akageukia mlangoni. "Sajenti, mtu ambaye watu walikuwa wanatoka miji mingine kuja kumtazama akicheza, alipuliwe mahali pamoja asubuhi nzima?"

"Kila mtu ana siku yake mbaya, afande. Na ile kwake ilikuwa mbaya kweli."

"Shahidi akitambua sura, tunafanya nini?"

"Tunapanga watu mstari mmoja, tunamwambia achague."

"Huyu hakutambua sura. Ametambua mlio. Basi tutapanga milio."

Sajenti alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

*

Mbele ya ukumbi walikuwa wameshafika watatu. Mke wa marehemu, msusi wa mtaa wa pili, alikuja na ufunguo, kwa kuwa utaratibu wa Inspekta ni kwamba lakiri ya polisi mlangoni haikatwi bila mwenye jengo kushuhudia. Alikuwa bado amevaa aproni ya saluni, na vibanio vya nywele vimebanwa kifuani kwa mstari. Pembeni yake alisimama mama mkwe wake, mama wa Bingwa na Kidole, mkongwe mwembamba aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Wa tatu alikuwa fundi wa konsoli, vile visanduku vya michezo ya runinga, aliyepewa jina la Daktari kwa sababu huwafufua wagonjwa waliokwisha kutupwa jalalani. Alibeba gunia mgongoni.

Mama alimshika Inspekta mkono. Hakuubana, aliuning'inia tu.

"Mwanangu, nimezika mmoja Jumanne. Huyu wa pili mnanizikia hai?"

"Ndiyo sababu nipo hapa, mama."

"Sajenti wako anasema ni yeye. Mimi nimewanyonyesha wote wawili. Walikuwa wakigombana, wanagawana mpaka kivuli. Lakini kuuana?"

"Shemeji hawezi," alisema msusi kwa sauti ya chini. "Nimemwambia Sajenti toka siku ya kwanza. Kidole hawezi."

"Ulimwambia," alikubali Inspekta. Alikuwa ameisoma kauli yake: siku ile yeye alikuwa saluni tangu maduka yalipofunguliwa, kichwa cha mteja mikononi, mpaka watu walipokuja kumwita. Wateja wote walithibitisha.

Inspekta alimvuta Daktari kando. "Wewe na marehemu mlipatana?"

"Hata kidogo, afande. Angeweza kuninyima maji motoni." Alilisema kwa fahari. "Mimi nauza nakala za Nzige za nyumbani, za kuchezea kwenye runinga. Yeye alizichukia. Ukiingia ndani utaona amepaka ukutani kwa rangi nyekundu: HAPA HAKUNA NAKALA. Ana runinga na konsoli za kila aina kwa ajili ya vijana, michezo yote ruksa, mpira, magari, ngumi. Lakini Nzige wa nyumbani? Marufuku. Alisema kuwacheza Nzige kwenye konsoli ni kama kula picha ya chakula."

"Kwa hiyo ulikuwa na sababu ya kumchukia."

"Nilikuwa nayo, tena nzuri."

"Na siku ile asubuhi ulikuwa wapi?"

"Sokoni, napigana na mteja aliyedai nimemuuzia kaseti mbovu ya mchezo. Mbele ya soko zima. Muulize Sajenti huyo. Si ndiye aliyekuja kutuamua?"

Sajenti alikohoa. "Ni kweli, afande. Tuliwashikilia mpaka adhuhuri."

Inspekta akakata lakiri.

*

Ndani kulikuwa giza, na hewa ilinuka vumbi lililowahi kupata joto. Umeme ulikuwa bado umezimwa. Kidole alieleza tangu siku ya kwanza, na hajabadilisha neno: aliingia, akaona miguu ya kaka yake ikitokeza nyuma ya mashine, akarukia swichi kuu ya ukumbi iliyo mlangoni na kuishusha. Vyote vikazimika kwa pamoja. Ndipo akamvuta. Sajenti alipofika, aliichomoa plagi ya mashine kubwa, akaupiga picha mwili, akafunga mlango na kubandika lakiri. Tangu hapo hakuna aliyegusa kitu.

Tochi ya Inspekta ilipita juu ya benchi, juu ya runinga zilizopangwa ukutani zikiwa na konsoli chini yake kama mbwa waliolala, ikasimama kwenye mashine kubwa. Lilikuwa sanduku refu kuliko mtu, ubavuni limechorwa nzige mwenye meno. Mgongo wake ulikuwa wazi. Kifuniko kiliegemezwa ukutani, na skrubu zake zilikaa kwenye kisahani cha bati.

Daktari alipiga magoti nyuma yake. Alitazama bila kugusa. Kisha akainua uso, na uso wenyewe ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani alimshikia plagi?"

"Unasema?"

"Afande, Bingwa alikuwa anatengeneza. Bisibisi hii hapa imeangukia ndani, karibu na transfoma. Na sisi mafundi wa mashine hizi tuna kawaida yetu, tulifundishwa na baba yake Bingwa mwenyewe: huingizi mkono ndani mpaka mtu unayemwamini amesimama mbele na plagi mkononi. Anaishika hivi, kifuani, mpaka useme 'Nimetoka.' Hata kama uko peke yako, unakwenda kumtafuta mtu. Bingwa asingetia hata ukucha bila mshika plagi. Alishaona mtu akiondoka hivyo."

"Alikuwa anacheza," alisema Sajenti. "Jirani amesikia."

"Anacheza vipi naye yuko mgongoni mwa mashine?"

"Alicheza, kisha akaenda nyuma kurekebisha kitu."

"Sawa. Alicheza nini, afande mdogo?" Daktari alielekeza tochi yake. Nyaya mbili nyembamba zilining'inia, ncha zake zimesafishwa zikang'aa, tayari kwa kuunganishwa. "Hizi ni za spika. Zimekatwa. Mashine hii ilikuwa bubu. Ungeweza kucheza mpaka kesho, jirani asisikie hata chafya."

Mama alikaa benchi taratibu, kana kwamba benchi lenyewe linaweza kukataa.

"Basi kilicholia ni nini?" aliuliza Sajenti. Hapakuwa na kicheko tena mdomoni mwake.

"Ndicho tulichokuja kutafuta," alisema Inspekta. "Daktari, unganisha spika, tuanze na mashine kubwa. Kisha nakala zako moja moja. Mshonaji yuko kwenye cherehani yake, haoni kitu. Nitampigia ukuta kila mlio unapoanza, naye apige kelele ndiyo au hapana. Ngoja nikuletee umeme kwanza. Watu wote, mikono mnionyeshe, msiguse chochote."

Alikwenda mlangoni, akaipandisha swichi kuu.

Taa zikawaka. Na runinga ya pembeni kabisa, ya mwisho kwenye mstari, nayo ikawaka. Ikachemka weupe, ikatulia.

Du, di. Du, di.

Hakuna aliyekuwa karibu nayo. Nzige wa kijani na wa zambarau walikuwa wanashuka safu kwa safu, na kizinga chini yao kikasogea kushoto, kikasogea kulia, kikafyatua. Piu, piu. Kijiti cha konsoli kilikuwa kimelala sakafuni, waya wake umezungushwa vizuri. Kizinga kilicheza peke yake.

Puu. Ti-ri-ri.

"BINGWA!"

Ukelele ulitoka ng'ambo ya ubao. Kiti kilianguka, kitu cha chuma kikafuata, na mshonaji akatokea mlangoni mwa ukumbi na futi ya kupimia ikiburuzika shingoni. Macho yake yalitafuta mtu mbele ya mashine kubwa. Hakumpata. Yakahamia kwenye runinga, yakabaki huko.

"Nani anacheza?" aliuliza. "Nani anacheza kama yeye siku ile?"

"Hakuna," alisema Inspekta.

"Anasogea huyo!"

"Hakuna mtu, fundi. Mikono yetu hii."

Kizinga kikalipuliwa tena, palepale. Mshonaji alijishika mdomo kwa mikono yote miwili. Aliposema, maneno yalitoka kati ya vidole. "Kwa hiyo mimi... nilikuwa nampigia ukuta... nikimtania... naye ameshalala pale?"

Sajenti aliondoa kofia, hakujua aiweke wapi, akairudisha kichwani.

"Ni nakala ya pili," alisema Daktari, kwa sauti ya mtu anayesoma jina kwenye jeneza. "Ya kwanza ilitengenezwa kwa konsoli ndogo, nzige wake ni vitofali tu. Ya tatu waliitia muziki. Hii ya pili, ukiiwasha ukaiacha bila mchezaji, inajichezea. Waliifanya hivyo ili ivutie watu madirishani mwa maduka. Kila mara mchezo uleule, inakufa palepale. Na ni hii peke yake inayojichezea kwa sauti. Mashine kubwa ikiachwa, inaonyesha picha kimyakimya. Wenye mikahawa hawakutaka kelele bila mteja."

"Na swichi yake ilikuwa imeachwa juu," alisema Inspekta. "Kidole alipokata umeme, ikazimika na vingine. Sisi tukaona konsoli moja kati ya konsoli."

"Nilidhani..." alianza Sajenti.

"Ulidhani zote ni piu-piu. Nami ningedhani hivyo hivyo. Zima hiyo runinga, tufanye kazi."

Gwaride likafanyika kama lilivyopangwa, kwa sababu mlio mmoja si gwaride, na hakimu angeuliza. Mshonaji alirudishwa kwenye kiti chake, akaapa hatainuka tena hata jengo likianguka. Daktari aliunganisha spika za mashine kubwa, akacheza. Hatua zilikuwa nne, nzito, na zilikimbia nzige walipopungua. "Hapana!" ulijibu ubao. "Huyo ndiye Bingwa wa siku zote, lakini si wa siku ile." Ikafuata nakala ya kwanza kutoka kwenye gunia, ikikwaruza kama panya ndani ya kopo. "Hapana!" Ya tatu, pamoja na muziki wake. "Hapana jamani, hiyo ni harusi!" Mwishowe ile iliyokutwa pale. Ubao ulikawia.

"Ndiyo," ilisema sauti, ndogo mno. "Zimeni."

*

Inspekta alivaa glavu, akaivuta kaseti kutoka kwenye konsoli. Ilikuwa nyeusi, imechakaa pembeni. Juu yake mtu alikuwa amechora ua kwa rangi ya kucha, petali tano, moja imekwenda nje ya mstari.

"Daktari, hii ni yako?"

"Nilikuwa nazo mbili za aina hii maishani mwangu. Moja iko guniani. Nyingine..." Alisita, akamtazama mama benchini, akatazama pembeni.

Hakuhitaji kumaliza. Mama alikuwa amesimama.

"Lete nione." Akaisogelea mpaka pua ikaigusa. "Hiki si kile kikaseti cha marehemu mjukuu wangu? Alipaka ua hili mapajani mwangu. Akamwaga rangi kwenye kanga yangu, nikamchapa kidogo, tukacheka." Alimgeukia msusi. "Mkwe, si ulisema vitu vya mtoto ulivifungia kabatini wewe mwenyewe? Kimefikaje hapa?"

Msusi alikuwa anahesabu vibanio kifuani kwa kidole, kimoja baada ya kingine.

Inspekta alisogeza stuli, akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Nitasema ninachokijua, nawe utanirekebisha. Si lazima useme neno, ukisema, litaandikwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mumeo alikuwa mgongoni mwa mashine, anatengeneza spika. Alihitaji mtu wa kumshikia plagi. Kidole hakuwa naye, walikuwa hawasemezani. Daktari alikuwa mikononi mwetu. Mlango ulikuwa umefungwa na haukuvunjwa. Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mimi."

"Ukapitia hapa kabla ya kwenda saluni."

"Kila siku napitia. Namletea chai."

"Na ukitaka jirani aamini mumeo yu hai wakati wewe unasuka nywele mbele ya wateja, ungehitaji mchezo unaojicheza."

"Afande," alisema Sajenti kwa mnong'ono, "Kidole naye angeweza kuiwasha..."

"Mlio ulikuwepo asubuhi yote. Kidole alitoka getini kwa mwajiri wake adhuhuri, mlinzi amemwona. Unakumbuka? Uliandika mwenyewe, ukasema haina maana."

Sajenti alitoa daftari lake, akalifungua.

Msusi aliacha kuhesabu vibanio. Akainua uso, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayomwulizia mteja kama maji ni ya moto mno.

"Sikuja na nia hiyo. Hicho kikaseti natembea nacho. Kiko kwenye mkoba wangu tangu tumzike mwanangu. Ninyi mnajua alivyokufa binti yangu?"

"Pumu," alisema Inspekta.

"Pumu. Nilikuwa nyumbani naye, dawa imekwisha. Nikampigia baba yake alete nyingine, duka la dawa linatazamana na mlango huu. Nikapiga, nikapiga. Akapokea mara moja tu. Akasema, 'Ngoja nimalize raundi.' Nikamsikia nzige wake nyuma, wanakimbia. Alikuwa anakaribia kuvunja rekodi yake. Akaivunja."

Mama alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Hukujua, mama. Alikuambia simu ilikuwa kwenye chaji. Nami nikanyamaza, nikamsitiri. Miaka miwili nimemsitiri. Asubuhi ile akaniita nimshikie plagi. Nikashika. Naye huko nyuma anaongea, ana furaha, anasema mashindano ni Jumamosi, mashine lazima iwe na sauti. Nikamwambia, Jumamosi ndiyo kumbukumbu ya siku aliyofariki mtoto. Tulikubaliana twende kaburini asubuhi. Unajua alinijibu nini?"

Hakuna aliyetaka kujua.

"Akasema, 'Tutakwenda. Ngoja nimalize raundi ya kwanza.'" Alifungua kiganja, akakitazama. "Soketi ilikuwa hapa, usawa wa mkono wangu. Sikufikiri. Nilipofikiri, alikuwa amekwisha kunyamaza, na mimi nimesimama katikati ya ukumbi na mkoba. Nikaweka mchezo wa mwanangu. Niliona vijana wengine wakiuweka nyumbani kwangu, najua unajichezea. Kwangu mimi mlio wa nzige ni mlio wa nzige. Nimeusikia miaka yote nikiwa jikoni, sijawahi kushika kijiti. Nilitaka kurudi saa ya chakula nikitoe kikaseti, nipige kelele za ajali. Kidole akanitangulia."

"Ukamwacha akae mahabusu wiki nzima."

"Nilimwambia Sajenti siyo yeye! Nilimwambia kila siku. Nilikuwa nasubiri mmwachie wenyewe. Leo msingemwachia, ningesema." Akatikisa kichwa. "Labda ningesema."

Inspekta alisimama. "Sajenti, piga simu mahakamani. Shauri la Kidole lisisomwe. Mwambie mwendesha mashtaka nakuja mwenyewe. Kisha piga mahabusu, mwambie Kidole mama yake anakuja kumchukua."

Sajenti alitoka nje mbio, simu sikioni.

Msusi alivua aproni, akaikunja pamoja na vibanio vyake, akaiweka benchini mahali alipokuwa amekaa mama mkwe wake. Akanyoosha mikono. Pingu zilifungwa bila kelele nyingi. Mama alimzuia njiani. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko wote mle ndani, na hakuna aliyethubutu kumpita.

"Mkwe. Mtoto alikuwa wa kwako, nami alikuwa mjukuu wangu. Hilo nimelisikia, na nitalilia nikipata nafasi. Lakini uliyemchomekea umeme ni mwanangu. Nimemzaa mimi. Umekaa matanga nami, umenishika nisianguke kaburini. Niombe radhi. Hata kwa neno moja. Nitakwenda nalo nyumbani."

"Kidole nitamwomba, akikubali kuniona. Nitapiga magoti."

"Sikusema Kidole. Nasema huyu. Niombe radhi ya huyu."

Msusi alimtazama, macho makavu.

"Hapana, mama," alisema. "Ya huyo siombi."